Fundi Subiri na Mashine Iliyosemekana Nzima

Ndugu meneja, mafundi wenzangu, wateja wetu, wake kwa waume: leo, tarehe thelathini Septemba, msimamizi wa mafundi wa karakana hii, ambaye sote tunamwita Fundi Subiri, anakabidhi funguo za kabati lake baada ya miaka thelathini na minne ya kutengeneza mashine za kufulia. Aliingia hapa na nywele nyeusi na suruali ya kuazima. Anatoka na nywele za kuhesabika, suruali yake mwenyewe, na mgongo ambao mama watoto wake anasema alitukabidhi ukiwa umenyooka, na leo anarudishiwa umepinda, wala hajui akamlalamikie nani.

Wasifu huu umeandikwa na mtunza stoo, yaani mimi ninayesoma, na kabla sijaendelea naomba radhi kwa ile mashine inayonguruma hapo mbele, pembeni ya meza yenye kitambaa cheupe. Haikusahaulika pale. Imewekwa makusudi, na aliyebonyeza kifungo chake kabla sijafungua mdomo mmemwona wote, ni yule bwana mwenye koti la kijivu kwenye mstari wa mbele. Mwacheni aitazame. Asiisogelee mtu mwingine yeyote mpaka nimalize. Nitaeleza sababu, ila mstaafu ametaka tuanzie mwanzo, na siku ni yake.

Mwanzo wake ulikuwa kwenye lori. Aliajiriwa kupakua mashine na kuzibeba mpaka ndani, kazi ya kifua na magoti, na hakuna aliyemtazamia zaidi ya hapo. Jina la Subiri alilipata mwaka wake wa kwanza. Fundi mkuu wa enzi zile alikuwa mtu wa pupa, bisibisi mkononi kabla hajamaliza salamu. Kila alipotaka kufungua mashine, huyu mbeba mizigo aliyesimama nyuma yake alimwambia subiri kwanza. Subiri tuisikilize. Subiri tumuulize mwenyewe ilianza lini. Aliambiwa ni mvivu, akaambiwa ana kiherehere, na siku moja akarushiwa spana ambayo bado tunayo stoo, imepinda kidogo.

Kisha ikaja mashine iliyokuwa ikitembea. Si mzaha, ilikuwa ikianza kukamua nguo inatoka ukutani na kuvuka jikoni, na watoto wa nyumba ile walikuwa wakijipanga kuishangilia ifike mlangoni. Fundi mkuu alishaagiza vipuri vya kutosha kuunda mashine mpya. Subiri akalala kifudifudi sakafuni, akachungulia nyuma, akakuta zile bolti za kuishikilia ngoma wakati wa kusafirisha hazijawahi kufunguliwa tangu mashine itoke dukani. Zilifunguliwa, mashine ikatulia, watoto wakakasirika. Tangu hapo akapewa bisibisi yake mwenyewe.

Wengine mnakijua zaidi kisa cha pampu iliyoziba. Alichokitoa mle ndani kilikuwa kipande cha vazi la kike, kile kijiwaya cha sidiria, na vazi lenyewe halikuwa la mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni. Fundi akakitazama kile kitu, akakitia mfukoni, akasema ni kijiwaya cha pampu kimekatika, huletwa na maji ya chokaa. Bwana wa nyumba ile aliendelea kutuletea wateja kwa miaka mingi, masikini, hata wasio na mashine. Habari ilizunguka mji mzima, na watu wakamsifu Fundi kwa ulimi wake laini, kwamba ana uongo wa kuponya nyumba. Kishikeni kisa hicho, nitakirudia.

Sasa nafika kwenye mafanikio yake makubwa, na hapa ndipo kalamu yangu ilipokwama. Katika nakala ya kwanza niliandika kwamba ndiye aliyebuni utaratibu wetu wa kujaribu mashine kwa maji baridi. Ni kweli tupu. Zamani kila mashine iliyotengenezwa ilipitishwa mzunguko kamili, maji yakapashwa moto mpaka mwisho, na foleni ilikuwa inatoka nje ya lango letu hadi barabarani. Yeye akasema hita, ile nondo ya kupasha maji, haifi ovyo, kinachokufa ni pampu, mkanda na beringi. Tutumie maji baridi na mzunguko mfupi, tukiridhika tuchore alama ya chaki ubavuni, mashine irudi kwao. Foleni ikaisha. Akapewa cheti na saa ya ukutani. Na ile alama ya chaki ikawa ndiyo kauli ya mwisho hapa kwetu. Ikishachorwa, mashine ni nzima, na anayebisha anatafuta maneno.

Nilimpelekea aisome. Alirudi stoo akiwa ameikunja karatasi mara nne, akaiweka kaunta juu ya mikanda yangu, akasema hatakikalia kiti cha heshima ikiwa habari ile itasomwa peke yake. Isomwe pamoja na ya mashuka, la sivyo tuwaeleze wageni kwamba mstaafu anaumwa. Meneja akasikia, akaja mbio. Alisema maneno mengi, na mengine yalikuwa ya haki, kwamba mafundi hawa wana watoto na kwamba wateja wakikimbia hawarudi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema chaki ni ya kwetu. Namshukuru meneja kwa kukubali, ingawa ninavyomwona hapo alipo bado anajifuta jasho.

Haya basi, ya mashuka ni haya.

Mitaa michache kutoka hapa kuna nyumba yenye geti la buluu. Mama wa nyumba ile alikuwa mgonjwa wa mapafu. Alikuwa halali chali wala hapumui vizuri bila mashine ya hewa, ile ya umeme, iliyokaa kando ya kitanda chake usiku na mchana. Aliyemuuguza ni binti yake wa mwisho, ambaye hapa tumezoea kumwita Dada tu. Naye yupo, amekaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mtoto mwingine ni wa kiume, kaka yake mkubwa, ndiye huyu bwana mwenye koti la kijivu. Kaka alikuwa na kazi na familia yake upande mwingine wa mji, na kila mwisho wa wiki alikuja kumwona mama, akafua na mashati yake palepale.

Mashine ya kufulia ya nyumba ile ilikuwa na ugonjwa usioeleweka. Kaka akifua mashati, inafua mpaka mwisho, inatoa kamlio kake, inanyamaza. Dada akifua mashuka ya mama, katikati ya kazi, pa! Swichi kuu inaanguka, nyumba nzima inazimika, na mashine ya hewa nayo inazimika. Swichi yenyewe iko barazani, upande wa mbele. Dada anaacha alichoshika, anakimbia, anaipandisha, anarudi mbio chumbani kumwinua mama na kumshikilia mpaka pumzi zikae sawa. Mama alikuwa na utani wake. Akipata sauti alikuwa akisema afadhali katika ukoo ule mtu mmoja anafanya mazoezi.

Dada alituita. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi, akajaribu kwa kitambaa chake cha mfukoni, maji baridi, kila kitu safi. Ilipozimika tena tukaileta hapa. Ikazunguka bila kinyongo, ikachorwa chaki, ikarudi kwao, ikazima. Akaitwa fundi umeme apime nyaya za nyumba. Akapima, akasema nyumba haina kosa, waulizeni wa mashine. Sisi tulipoulizwa tukasema kama kosa lingekuwa la mashine, ingezima na huku kwetu. Basi maneno yakawa yanarushwa huku na huku, na kila yakianguka yanamwangukia Dada. Mara ya mwisho Fundi Subiri mwenyewe alisimamia jaribio, akachora chaki kwa mkono wake, akampigia simu, akamwambia kwa upole wake wote kwamba mashine ni nzima ila anaijaza mno. Mashuka yakilowa ni mazito, yanaikaba. Apunguze.

Na kwao nako mambo yakakua. Kaka alikuwa akisema yeye akifua haizimi, na mafundi wamesema nzima, sasa kimebaki nini? Shangazi yao akadakia kwamba kuna mikono ina mkosi, kila inachokigusa kinakufa. Alisema kwa utani. Ila utani ukisemwa kila wiki mbele ya mgonjwa, hauwi utani tena. Na hapa karakana, simu ya Dada ikilia, wa mapokezi alikuwa anaifunika kwa kiganja na kutuambia Bi Mkosi huyo, na karakana nzima inacheka. Fundi Subiri hakucheka, lakini hakutukataza, na ameagiza hilo nalo lisemwe.

Asubuhi moja ya baridi, mwaka jana, mama aliamka amechafua kitanda. Muuguzi alikuwa ameshasisitiza kwamba mashuka ya mgonjwa yafuliwe kwa maji ya moto kabisa kwa ajili ya vijidudu, na Dada hakuwahi kuyafua kwa maji mengine. Nguo zake mwenyewe alizifua kwa mkono, ili mashine aiachie mama. Asubuhi ile alichukua shuka moja. Moja tu, kama tulivyomwagiza. Akalitia, akawasha, akasimama kidogo kuisikiliza. Na kwa kuwa ametii, na wenye ujuzi wamesema ikipunguziwa mzigo haitagoma, akatoka uani kuanika mablanketi aliyoyafua kwa mkono alfajiri.

Mashine ya hewa ina kengele ndogo inayolia ikikosa umeme. Ililia. Lakini madirisha yote yalikuwa yamefungwa kumkinga mama na baridi, na Dada alikuwa nyuma ya nyumba anakung'uta mablanketi. Aliporudi jikoni akaona mashine ya kufulia iko kimya na shuka limelala ndani ya maji. Alikimbia barazani, akapandisha swichi, akakimbia chumbani. Mama alikuwa ameugeuza uso upande wa mlango.

Msibani, Kaka alisema mbele ya watu kwamba mafundi walimwonya asiijaze na yeye akaijaza. Dada hakubisha. Hakusema lilikuwa shuka moja. Aliponisimulia alisema wakati ule alikuwa ameshaamini kwamba hata kama ni moja, ni mkono wake. Nyumba ya geti la buluu ikapangishwa. Yeye akahamia chumba kimoja cha kupanga, anafua bombani kwa mkono, na akawa hawezi kugusa swichi. Nasema hawezi, si kwamba hataki. Jioni humgongea jirani amwashie taa, na akitaka kulala humgongea tena amzimie. Ndugu zangu, huyu ni mtu mzima mwenye akili zake timamu, aliyemuuguza mama yake kwa miaka bila kumwacha apate hata kidonda kimoja cha kulala kitandani.

Ilipita miezi. Kaka alitaka mashine ile itupwe, Dada akaiomba. Akaja nayo hapa juu ya mkokoteni, amefunga kamba mwenyewe. Mapokezi walipomuuliza tatizo ni nini, alisema hataki itengenezwe. Alikuwa na swali moja kwa Fundi Subiri. Je, ni mashine au ni yeye? Kama ni yeye, tumwambie tu, ajue, asiendelee kujiuliza.

Fundi aliijaribu kwanza kama tulivyozoea. Maji baridi, mzunguko mfupi. Ikafanya kazi kama mpya. Nilikuwa kaunta, nikamwona amesimama ubavuni mwa mashine, chaki kwenye vidole, na alama zetu za zamani bado zinaonekana pale, moja juu ya nyingine. Mkono ulikuwa umeshainuka. Kisha akairudisha chaki mfukoni, akavuta vigoda viwili, akamkalisha Dada, akasema subiri kwanza. Akamwambia amsimulie anavyofua kana kwamba anamfundisha mtu asiyewahi kuona mashine.

Dada akasimulia kwa mikono. Hivi analitoa shuka kitandani, hivi anamgeuza mama, hivi analikunjua, hivi analitia. Alipofika kwenye kitasa cha joto, vidole vyake vikajizungusha hewani mpaka mwisho kabisa. Fundi akauliza mbona mpaka huko. Akajibiwa ni mashuka ya mgonjwa. Na mashati ya Kaka je? Yale ya rangi, yakipata moto yanachuja, Kaka huyafua kwa baridi. Fundi akageuka akaitazama ile saa ya ukutani aliyopewa pamoja na cheti, akaitazama muda mrefu mpaka nikadhani anataka kujua ni saa ngapi.

Akafungulia maji, akazungusha kitasa mpaka mwisho, mashine tupu, hamna hata soksi. Wengine tukaendelea na shughuli zetu. Baada ya muda karakana yote ikazimika. Mafundi wakapiga kelele zao za kila siku, mmoja akawalaani watu wa umeme na vizazi vyao. Swichi ikapandishwa, akarudia, giza. Akachomoa nyaya za hita, akarudia, maji yakabaki baridi na taa zikabaki zinawaka. Akazirudisha nyaya, giza tena. Hapo hakuna aliyelaani mtu. Nilimsikia yule wa mapokezi analia.

Akaitoa hita, akaileta dirishani. Chini ya ukoko wa chokaa kulikuwa na ufa mwembamba, huuoni mpaka uukwangue kwa ukucha. Hita ikiwa baridi ufa umejifunga na kipimo hakioni kitu. Ikishapata moto, chuma kinatanuka, ufa unaachia, maji yanaingia ndani, umeme unavuja, na swichi kuu inaanguka kama ilivyotengenezwa kufanya. Siku ambazo umeme ulikuwa hafifu, maji hayakufika kwenye moto huo, ndiyo maana mara nyingine shuka lilifuliwa hadi mwisho na Dada akadhani mkono wake umesamehewa. Ulikuwa ni ufa tu. Tungeuona siku ya kwanza kama tungepasha maji.

Alimweka Dada dirishani akamwonyesha. Akamwambia si mkono wako. Dada akauliza kama ni lile shuka. Akamwambia hata bila shuka. Akauliza tena, akajibiwa tena, na kila alipouliza Fundi alijibu kama ndiyo mara ya kwanza. Kisha Fundi akasema ni sisi, akataja maji baridi, akataja chaki, akataja simu aliyompigia. Sijawahi kumsikia mtu akijishtaki polepole vile. Dada aliketi kwenye kigoda mpaka tukafunga. Kesho yake cheti hakikuwepo ukutani, na pale kilipokuwa bado pana mraba wenye rangi safi kuliko ukuta mwingine.

Kesho hiyohiyo Fundi alivaa shati la kupigwa pasi, akaenda kwa Kaka. Hakukaribishwa ndani. Simlaumu Kaka, alikuwa mtu aliyezika mama yake na kupata wa kumlaumu, na wa kumlaumu haachiwi kirahisi. Aliuliza swali moja. Mara zote zile mlisema nzima, leo mnasema mbovu, mlisema kweli lini? Akasema dada yake amelia mbele ya fundi na fundi ameingiwa na huruma. Akasema, na hapa Fundi aliinamisha kichwa, kwamba mji mzima unajua yeye ni bingwa wa uongo wa kuponya nyumba. Habari za kijiwaya cha pampu alikuwa anazo.

Fundi alirudi kwa Kaka tena na tena. Alikuwa akitoka hapa jioni na ile hita kwenye mfuko wa koti, imeviringishwa kwenye gazeti, na asubuhi anarudi nayo. Mama watoto wake ananiambia alikuwa akiiweka mezani wakati wa kula, na chakula kinapoa. Alipungua. Kucheka kwake kuliisha, na yeyote aliyemwambia asijilaumu alimjibu basi unitafutie mwingine. Mwishowe Kaka alisema ataamini kwa sharti moja, kwamba ataiwasha yeye, kwa mkono wake, mashine ikiwa tupu, Dada akiwa amekaa mbali haigusi, na watu wakishuhudia. Fundi akamwambia aje siku ya kuagwa kwake, watu watakuwepo.

Ndiyo hiyo mashine hapo. Ni ileile ya geti la buluu. Wiki hii Fundi Subiri aliirudishia hita ileile yenye ufa, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho katika karakana hii, kuiharibu mashine upya mbele ya macho yetu. Kaka alichungulia ndani ya ngoma akaona hamna kitu. Akafungulia maji, akazungusha kitasa hadi mwisho, akabonyeza. Usalama wa ukumbi huu wa karakana umekaguliwa, msiwe na hofu, ila kama nilivyosema, asiisogelee mtu.

Niseme na mengine haraka. Tangu siku ile kila mashine inayotoka hapa inapashwa maji mpaka mwisho, kwa agizo lake, na foleni imerudi barabarani. Mkiikuta msinung'unike. Chaki tumeacha. Anayeijaribu mashine ndiye anayeipeleka kwa mwenyewe na kumuuliza anafua nini na kwa maji gani, kisha anasubiri aone ikifanya kazi kwao. Ni kazi ya kuchosha, na mafundi vijana wanalalamika, na Fundi anawaacha walalamike.

Mtakuwa mmeona pia kwamba wasifu huu una sifa chache. Niliandika nyingi, Mungu shahidi. Lakini amenifanyisha mazoezi ya kuusoma nikiwa nimesimama kando ya mashine hiyo ikipasha maji, na mara ya kwanza giza lilinikuta bado nipo kwenye ukarimu wake kwa wafanyakazi wenzake na moyo wake wa kujitolea. Akachukua kalamu akafuta mistari yote iliyomsifu. Ya pampu aliiacha, ya mashuka hakugusa hata nukta. Basi kama nimesoma kwa mwendo tuliokubaliana, maji hayo sasa yako karibu. Na kama umeme leo ni hafifu, maji yakachelewa, tutakaa humu humu mpaka yafike, na hakuna wa kuondoka.

Fundi Subiri, asante kwa mikono yako na kwa huo mgongo. Asante kwa siku ile uliyoirudisha chaki mfukoni. Mama watoto, mpokee mtu wako, na akizidi kukaa kimya mtafutie kitu kibovu akitengeneze. Hatukuambii usahau, maana umetukataza. Tunakuombea usingizi, kwa kuwa tunajua umekukimbia, na miaka tulivu ya kukaa kwako, na mtu wa kukuambia subiri kwanza kila utakapotaka kuanza tena kujihukumu.

Wageni wetu, nimebakiza tangazo moja. Swichi kuu ya ukumbi huu iko nje, upande wa mbele, kulia ukitoka. Taa zikizimika, kila mtu abaki alipo. Tumemwomba Kaka ndiye akaipandishe. Hakutujibu, lakini naona amechagua kiti cha mwisho cha mstari wake, kile cha kwenye njia ya kutokea. Dada, wewe miguu yako imezoea, najua itainuka yenyewe. Usiinuke, mama. Kaa hapohapo, leo hukimbii.